Kushuti "The Invisible Man" Mwanza kwa bajeti ndogo: kuanzia kitabu hadi kibali cha kuonyesha

Filamu ya kubuni ya kisayansi haianzi na kamera, inaanza na kuchagua kitabu. Zipo riwaya zinazodai vyombo vya angani na miji inayoungua, ziache. The Invisible Man ya H. G. Wells, iliyochapishwa 1897, ina mhusika mkuu asiyeonekana, Griffin, na kazi kubwa ya mwigizaji wake ni sauti, koti na mlango unaofunguka wenyewe. Watu wanane, kamera moja, maiki mbili nzuri na gesti yenye mwenyeji mvumilivu vinatosha. Mwongozo huu ni wa filamu ya dakika 25 hadi 30, yaani skripti ya kurasa kama 25, ya kushutiwa kwa siku kumi. Toleo la saa moja na nusu lisubiri mpaka hili liishe.

Haki

Wells alifariki tarehe 13 Agosti 1946. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi ya fasihi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo hapa kitabu kiko huru tangu 1997. Uingereza hulinda miaka 70, na huko muda ulikwisha mwishoni mwa 2016. Marekani nako kazi ya 1897 haina tena ulinzi. Hakuna wa kumlipa.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni filamu ya 1933 iliyoongozwa na James Whale kwa kampuni ya Universal, ambayo bado ina mwenyewe. Mchumba wa Griffin anayeitwa Flora, na dawa inayomtia wazimu, ni vya filamu ile. Kwenye kitabu havimo. Watu huviingiza kwenye skripti wakidhani ni vya Wells. Soma kitabu chenyewe, kalamu mkononi. Mtego wa pili ni tafsiri: tafsiri ya Kiswahili ya mtu mwingine ina haki zake, hata kama kitabu cha asili ni huru. Fanya kazi kutoka kwenye Kiingereza cha 1897 na maneno ya Kiswahili yawe yako.

Kuihamishia ziwani

Kwenye riwaya, mgeni aliyejifunika gubigubi anafika kwenye nyumba ya wageni katika kijiji cha Iping, kusini mwa Uingereza, mwezi Februari, theluji ikianguka. Baridi ndiyo inayomfanya asishangaze sana mwanzoni. Mwanza mtu aliyevaa koti zito, glavu na bandeji kichwa kizima anashangaza kabla hajashuka kwenye bodaboda. Skripti ikinyamaza kuhusu hilo, mtazamaji ameshatoka kwenye hadithi. Mlete usiku, mvua za Aprili zikinyesha, na mwache mwenye gesti ajipe jibu mwenyewe: mgeni ameungua. Kwenye kitabu pia mama mwenye nyumba ndiye anayedhani mgeni amepata ajali, na uamuzi huo wa Wells ni mzuri kuliko maelezo yoyote utakayoyatunga.

Sini yako ya kwanza umeshapewa bure na gesti zetu: daftari la wageni. Glavu inashika kalamu ya bei rahisi iliyofungwa kwa uzi, inasita kwenye safu ya "uendako", kisha inairuka. Mama anaugeuza ukurasa upande wake.

"Mgeni wetu, hapa hujajaza unakoelekea."
"Siendi popote, mama."
"Basi andika hapahapa Kirumba, wakija kukagua wasinisumbue."

Mabadiliko mawili si ya hiari. Kwenye riwaya, Griffin anakaribia kuwa na ualbino, na hilo ni sehemu ya sababu ya jaribio lake kufaulu. Liondoe lote. Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa sababu ya ushirikina, na uongo kwamba "hawafi, hupotea" ungali midomoni mwa watu. Filamu inayomwonyesha mmoja wao akipotea inaupa uongo huo picha. Hadithi haipungukiwi kitu: dawa inaondoa rangi ya damu na ya mwili, basi.

La pili ni uchawi. Mtazamaji wa kawaida atajiambia "huyo mchawi" ndani ya dakika tano usipomzuia. Mzuie kwa sayansi iliyo mezani. Wells mwenyewe anatumia mfano wa karatasi iliyolowa mafuta kuwa angavu. Kwako ni kipande cha gazeti kilichofungia sambusa, kimeinuliwa mbele ya taa hadi maandishi ya upande wa pili yanasomeka. Ukitaka kubwa zaidi, chukua fimbo ya kioo ya maabara na uitumbukize kwenye bika ya mafuta ya alizeti. Kioo cha maabara aina ya borosilicate hupinda mwanga kwa kipimo cha takriban 1.47, na mafuta ya kupikia ni karibu hivyohivyo, kwa hiyo fimbo inapotea machoni. Glasi ya kawaida ya kunywea maji haikubali, kwa kuwa kipimo chake ni kama 1.52 na kingo zake zitabaki zikionekana. Mimina mafuta polepole na uyaache yatulie, maana povu dogo tu linaichora fimbo upya.

Vibali

Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, ndiyo inayotoa kibali cha kushuti, na ndiyo itakayoikagua filamu na kuipa daraja kabla haijaonyeshwa hadharani. Omba mapema, skripti ikiwa imekamilika. Nakala ya kibali ipeleke kwa afisa utamaduni wa halmashauri unayoshutia (Capri Point ni Nyamagana, Kirumba ni Ilemela), kisha kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa. Huyu wa mwisho ndiye atakayekuokoa saa tano usiku watu wakiuliza mnafanya nini. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo ruhusa yake iombe TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Droni inahitaji usajili na ruhusa kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa bajeti hii usihangaike nayo: panda juu ya mawe ya Igogo au Mabatini na tripodi yako, utapata picha ya juu bila kuomba anga.

Jiwe la Bismarck litumie mara moja tu, au usilitumie kabisa. Limekuwa kwenye kila kalenda, na likionekana mtazamaji anaanza kufikiria utalii.

Msimu na saa

Shuti Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, hata kama hadithi ni ya masika. Mvua ya mgeni kufika utaitengeneza kwa mpira wa maji na taa iliyowekwa nyuma ya matone. Taa ikiwa mbele, matone hayaonekani kabisa.

Tuko karibu na ikweta, hivyo jua hupanda wima. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri kila uso una matundu meusi machoni, na kwenye filamu inayotegemea macho ya watu hilo ni balaa. Nje, piga saa moja hadi saa tatu na nusu asubuhi, kisha saa kumi na nusu hadi jua linapozama. Katikati ingia ndani ya gesti. Jua likishazama, una kama dakika 20 tu za mwanga wa buluu. Mazoezi ya sini hiyo yawe yamekwisha kabla.

Asubuhi ziwa huwa tulivu. Mchana upepo unaongezeka na kuingia kwenye maiki. Sini zote za mazungumzo ufukweni ziwekwe asubuhi.

Usiku usio na mwezi una zawadi yake. Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa, na kutoka mlimani ziwa linaonekana lina mtaa mzima wa taa zinazotikisika. Picha hiyo studio ingelipia fedha nyingi. Angalia mwezi kabla ya kupanga ratiba, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali uvuvi wa taa husimama. Tatizo la usiku huohuo ni wadudu wa ziwani, wanaokuja kwa mawingu. Weka taa moja nyeupe kali mita 15 kutoka kwenye seti kama chambo, na seti yenyewe uiwashe kwa taa za njano hafifu. Hawataisha, ila mwigizaji ataweza kufungua mdomo.

Kichwa kisichokuwepo

Hapa ndipo filamu inapopona au inapokufa, kwa hiyo usiharakishe.

Mavazi: koti la kijivu (jeusi linameza mikunjo yote), glavu, na miwani ya duara ya mafundi wa kuchomelea badala ya miwani mikubwa ya buluu ya kitabuni. Bandeji za upana wa sentimita 10, mita tano hadi sita kwa kichwa kimoja. Andaa seti nne. Jasho la Mwanza linazitia madoa ndani ya saa moja, na ukichanganya yenye doa na safi kwenye sini moja mhariri atakulaani. Acha nafasi puani, na mpe mwigizaji mapumziko kila dakika 20.

Kwa sini ya kufungua bandeji unahitaji kichwa kitupu. Pulizia puto hadi lifikie ukubwa wa kichwa, lizungushie bandeji tabaka tatu, kisha zipake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Anika siku nzima kivulini (juani puto hupanuka na kupasuka), halafu toboa puto ulitoe. Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa. Gamba hilo likikaa kwenye kola huku mkono ukivuta bandeji ya juu, mtazamaji anachungulia ndani na haoni mtu.

Koti linalotembea bila kichwa lipigwe hivi:

1. Funga kamera kwenye tripodi na uning'inize kiroba cha mchanga cha kilo 5 chini yake. Weka kila kitu kwa mkono: fokasi, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga), shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga), rangi. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Ukiacha otomatiki, taa za tyubu zitaleta mistari inayotembea kwenye picha.
2. Piga chumba kitupu sekunde 20.
3. Mwigizaji aingie akiwa na kofia ya kubana ya kitambaa cha kijani inayofunika uso na kushuka shingoni sentimita 10 ndani ya kola, ili kijani hicho kifutwe kwenye uhariri na kichwa kipotee nacho. Kitambaa kiwe cha pamba. Satini inang'aa na haifutiki vizuri. Kukiwa na majani nyuma yake, tumia buluu.
4. Akitoka, tundika koti lilelile kwenye henga kwa urefu uleule, kola imekaa vilevile, na upige sekunde 20 nyingine.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Ukishafuta kichwa, sehemu ya ndani ya kola ya nyuma inatakiwa ionekane. Bila picha ya koti kwenye henga unapata tundu linaloonyesha ukuta, na koti linaonekana limekatwa kwa mkasi. Hatua zote nne zimalizike ndani ya dakika tano. Wingu likipita katikati, rudia tangu ya kwanza.

Kwa shoti za mbali usitumie kompyuta kabisa. Tafuta mwigizaji mwenye urefu wa kama sentimita 150, mtengenezee mabega ya bomba la plastiki la nusu inchi (lipashe moto taratibu ndio likunjike) yanayokaa sentimita 3 juu ya utosi wake, kisha vika shati na koti juu ya fremu hiyo. Anaona kupitia kifua cha shati kilichotobolewa na kuwekwa wavu. Mikono ndiyo inayosaliti: mabega yamepanda na mikono haijapanda. Aweke mikono mfukoni au abebe sanduku.

Nailoni, godoro na nyayo

Vifaa vya mbinu hizi vinauzwa kwenye maduka ya zana za uvuvi. Nailoni ya milimita 0.20 inabeba kikombe cha bati bila shida. Kuvuta kiti, panda hadi 0.40. Nailoni mpya inang'aa, kwa hiyo ipitishe kwenye kitambaa chenye masizi ya sufuria. Taa itoke upande wa kamera, na nyuma kuwe na kitu chenye maua au mistari, mfano pazia la kitenge. Ukuta mweupe na mwanga wa dirishani kwa nyuma utaionyesha kama waya wa umeme.

Mtu asiyeonekana akikaa kitandani, godoro libonyee. Chukua godoro la sponji la inchi 4, kifungo kikubwa cha koti na sindano ya magunia. Pitisha nailoni ya 0.40 kwenye kifungo, ishuke kupitia godoro hadi itokee kati ya mbao za chaga, kisha tandika shuka juu. Msaidizi aliyelala uvunguni avute taratibu, ashikilie, na mwishoni aachie polepole kuliko alivyovuta. Kifungo kimoja kinafanya shimo; tatu kwa pembetatu, kila kimoja sentimita 15 kutoka kwa mwenzake, zinafanya makalio. Shuka liwe la rangi moja iliyopauka ili kivuli cha bonde kionekane.

Nyayo zinazojichora kwenye mchanga wengi huzipiga fremu moja moja siku nzima. Picha mbili zinatosha. Piga mchanga mtupu, mwambie mwigizaji apite peku kisha atoke kwa kurukia pembeni, piga tena bila kuigusa kamera. Kwenye uhariri weka ya pili juu ya ya kwanza na ufunue unyayo mmoja mmoja kwa maski (umbo linaloficha au kufunua sehemu ya picha), kila mmoja na mlio wake. Chagua mchanga ulio kivulini na mbali na wimbi. Vivuli vikihama, mchanga wote unaruka machoni.

Ufukweni usimsimamishe mtu kwenye maji yaliyotuama yenye matete. Kichocho kipo ziwani, na sehemu nyingine mamba wapo pia. Wenyeji wa mwalo wanajua wapi. Waulize kabla ya kufungua begi la kamera.

Macho ya wengine

Waigizaji watatu wakizungumza na hewa, watatazama sehemu tatu. Chukua mti wa ufagio, funga plasta nyekundu kwenye urefu wa macho ya mgeni (tuseme sentimita 165), na msaidizi aushike pale alipo "mtu". Kwenye shoti mti unaondolewa na kila mmoja anabaki na alama yake ukutani nyuma ya pale. Mgeni akitembea, mti utembee kwenye mazoezi mara nne au tano mpaka vichwa vigeuke kwa mwendo mmoja. Mwenye sauti ya mgeni awepo palepale na aseme maneno yake nje ya picha. Ukimpa mtu mwingine ayasome kama matangazo ya stendi, mama wa gesti ataigiza kama anajibu matangazo.

Sauti

Bajeti ikilazimika kupendelea kitu, ipendelee sauti. Gawa hivi: chakula na usafiri asilimia 40, sauti 25, vifaa vya mbinu na mavazi 20, inayobaki ni akiba. Kamera azima, au tumia simu nzuri.

Mgeni wako ni pumzi, nyayo peku na sauti. Sauti yake irekodi palepale chumbani baada ya kila sini, maiki ikiwa kwenye urefu wa kichwa chake na yeye akitembea njia ileile. Ukirekodi baadaye chumba kingine, atasikika kama yuko redioni. Nyayo peku kwenye saruji zirekodi kisigino kikiwa kimelowa kidogo. Kabla ya kuondoka kila lokesheni, nyamazeni wote dakika moja na murekodi ukimya wa chumba hicho. Bila huo kila mkato utasikika.

Gesti ichague kwa masikio. Ikae mbali na baa na kijiwe cha bodaboda, na iwe na dari, kwa sababu bati tupu likipata manyunyu tu mazungumzo yamekwisha. Nenda ukasikilize siku na saa ileile utakayoshuti, maana mtaa uliokimya Jumanne hauko hivyo Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi. Mablanketi manne yaliyotundikwa nje ya picha yanaua mwangwi wa kuta za saruji. Jenereta likae nyuma ya jiwe kubwa, mita 30 au zaidi.

Umati wa mwisho

Griffin anauawa na kundi la watu barabarani. Sini hii usiifanye kama nyingine. Mtu akipiga kelele ya "mwizi!" mtaani, watakaokuja mbio si waigizaji wako tu, na wengine watakuja na mawe. Shuti kwenye eneo lililofungwa, watu 15 mnaofahamiana, wenye utepe wa rangi kwenye mkono usioonekana kwenye picha. Polisi na mwenyekiti wa mtaa wajue saa ya kuanza na ya kumaliza. Wakati wa kushuti wapige kelele kwa neno lisilo na maana mtaani, tuseme "tisini!", nyuso zao zikiwa pembeni au mgongo, "mwizi" liingizwe kwenye uhariri. Majembe yawe ya boksi lililopakwa rangi. Watu 15 wakikaribia lenzi wanajaza fremu kama hamsini.

Uhariri

Programu ya DaVinci Resolve ya bure inatosha kwa maski, kufuta kijani na sauti. Kompyuta iwe na RAM ya GB 16. Picha ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa, kwa hiyo nunua diski mbili na ukopie kila jioni kwenye zote kabla ya kufuta kadi. Diski ya pili ilale nyumba nyingine. Hifadhi kazi kila dakika tano. Umeme hautoi taarifa.

Kata filamu nzima kwanza bila mbinu yoyote, mgeni akiwa ni sauti tu. Shoti inayosimama bila koti linaloelea, usiiwekee koti linaloelea. Utagundua theluthi moja ya ulizopanga hazihitajiki.

Kabla ya kupeleka Bodi ya Filamu kwa ukaguzi, icheze mara tatu: kwenye hedifoni, kwenye spika ya simu, na kwenye kibanda umiza siku ambayo hakuna mechi. Pumzi za mgeni zikipotea kwenye kibanda, ongeza sauti za masafa ya kati (zilizo kati ya nzito na nyembamba) badala ya kupandisha sauti yote, kisha chomoa muziki kwenye sini hizo.